Ujumbe Bila Mjumbe: Uhakiki wa Istilahi za Mawasiliano ya Nyuzi katika Kiini cha Mfumo Endeshi

Utangulizi

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi wa namna hiyo hauishii darasani mwa lugha. Lugha inayopewa hadhi hutarajiwa, hatimaye, kubeba maarifa ya fani zote, na hapo huzuka swali la msingi: je, istilahi za sayansi zitaundwa kwa kuitazama dhana yenyewe, au kwa kulitazama neno la Kiingereza lililoitangulia?

Makala haya yanalijadili swali hilo kupitia eneo moja dogo, nalo ni mawasiliano ya nyuzi katika kiini cha mfumo endeshi. Kiini ni ile sehemu ya programu yenye mamlaka kamili juu ya kumbukumbu na prosesa. Uzi ni mfuatano mmoja wa maagizo yanayotekelezwa, ambao kiini huweza kuusimamisha na kuuendeleza. Hoja kuu ya makala ni kwamba neno "ujumbe" limebebeshwa dhana mbili zinazotofautiana kimsingi, na kwamba tafsiri iliyo karibu zaidi, "kutumiana ujumbe", inaficha tofauti hiyo na hata kuelekeza kwenye kosa.

Mach: ujumbe wenye mjumbe

Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, ujumbe hauko peke yake. Kuna aliyeutuma, kuna anayeupokea, na kati yao kuna mjumbe anayeubeba. Aliyetuma huendelea na shughuli zake. Ujumbe uko njiani. Methali isemayo "mjumbe hauawi" inamtambua mjumbe kuwa mtu wa tatu, asiye na hatia kwa maneno anayoyabeba.

Picha hiyo inaoana vizuri na mfumo wa Mach, ulioanza kujengwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, katikati ya miaka ya 1980. Katika Mach, uzi unaotuma hupeleka ujumbe kwenye porti. Kiini huuchukua, huuweka katika foleni, na maadamu foleni haijajaa, mtumaji huendelea na kazi. Mpokeaji huja kuuchukua kwa wakati wake. Kwa muda fulani ujumbe haumo mikononi mwa mtumaji wala mpokeaji, bali umo mikononi mwa kiini. Kiini ndicho mjumbe.

Hata hapa tafsiri ya neno kwa neno ingepotosha. Porti ya Mach si bandari. Wengi wanaweza kuwa na haki ya kutuma kwenye porti moja, lakini haki ya kupokea hushikwa na upande mmoja tu. Kilicho karibu zaidi na dhana hiyo ni sanduku la posta: kila mtu aweza kupeleka barua, mwenye ufunguo ni mmoja.

L4: ujumbe bila mjumbe

Mjumbe ana gharama. Mwaka 1993 na 1995 mtafiti Mjerumani Jochen Liedtke alichapisha makala mbili zilizobadilisha mjadala wa fani hii. Katika ile ya 1995, safari ya kwenda na kurudi ya ujumbe wa baiti moja, kwenye prosesa ya 486 yenye kasi ya megahezi 50, ilichukua mikrosekunde 230 katika Mach, na mikrosekunde 10 katika L4, kiini alichokibuni yeye.

Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na muundo. L4 haina foleni ya jumbe ndani ya kiini. Uzi unaotuma husubiri hadi uzi unaopokea uwe tayari. Wakishakutana, maneno machache hupita yakiwa ndani ya rejista za prosesa, na prosesa huweza kuhamia kwa mpokeaji papo hapo. Hakuna hata dakika moja ambapo ujumbe uko njiani.

Makala za Kiingereza ziliendelea kutumia neno lilelile kwa mifumo yote miwili, na wajenzi wenyewe wamelazimika kulifafanua upya. Gernot Heiser, mmoja wa waasisi wa seL4, kiini cha ukoo wa L4 ambacho uthibitisho wake wa kihisabati ulichapishwa mwaka 2009, amesisitiza kwamba utaratibu huu usichukuliwe kuwa njia ya kusafirisha data. Kwake, ni mwito wa utaratibu uliolindwa, unaovuka mpaka kati ya programu moja na nyingine. Kwa maneno mengine, Kiingereza kinasahihisha sitiari yake baada ya miongo kadhaa. Kiswahili hakina sababu ya kuirithi.

Tatizo la "kutumiana"

Umbo la "kutumiana" lina kiambishi cha kutendeana: A anamtumia B, na B anamtumia A. Katika mfumo wa sanduku la posta jambo hilo halina madhara. Katika mfumo wa kukutana ni hatari. Uzi wa kwanza ukituma kwa wa pili, na wa pili ukatuma kwa wa kwanza kabla yeyote hajapokea, kila mmoja atamsubiri mwenzake bila kikomo. MINIX, mfumo wa kufundishia ulioandikwa na Andrew Tanenbaum, ambao michakato yake huwasiliana kwa kukutana hivihivi, una sehemu ndani ya kiini inayokagua iwapo wawili wanatumiana kwa wakati mmoja, na ikiwa ndivyo hukataa ombi. Istilahi inayopendekezwa kuwa jina la utaratibu ni, kwa maana yake halisi, jina la kosa.

QNX, mfumo wa Kanada unaotumika katika magari, unaonyesha uangalifu zaidi. Huko uzi uliotuma huwa katika mojawapo ya hali mbili: unasubiri kupokewa, au umekwisha kupokewa na unasubiri jibu. Fundi anayetafuta chanzo cha mkwamo hutegemea tofauti hiyo: hali ya kwanza humwonyesha kwamba seva haijafika kupokea; ya pili, kwamba imepokea na haijajibu. Istilahi moja ya "kusubiri ujumbe" ingezifuta zote mbili.

Pendekezo na pingamizi

Kiswahili kina neno lililo tayari: kukabidhi. Makabidhiano ya ofisi hayafanyiki mmoja akiwa hayupo. Anayeondoka na anayeingia hukaa meza moja, na mamlaka hupita kutoka mkono hadi mkono. Pingamizi la haki ni kwamba "makabidhiano" nayo ina kiambishi cha kutendeana. Hata hivyo, katika matumizi yaliyozoeleka kiambishi hicho kinaonyesha tukio moja la watu wawili, mmoja akitoa na mwingine akipokea. Hakimaanishi kwamba kila mmoja amempa mwenzake ofisi. Neno hili pia linastahimili ufafanuzi wa Heiser, kwa kuwa kinachokabidhiwa hasa ni zamu ya kutumia prosesa.

Pingamizi la pili ni kwamba L4 yenyewe haikubaki na makutano pekee. Wajenzi wa seL4 waliongeza njia ambayo uzi huacha alama bila kusubiri. Alama zilizoachwa mara tatu kabla ya kusomwa huweza kuonekana kama moja. Kuiita njia hiyo "arifa" kungeashiria kwamba ina habari ndani yake. "Kengele" inafaa zaidi: anayefungua mlango anajua imelia, hajui imelia mara ngapi.

Hitimisho

Uhakiki huu unapendekeza istilahi tatu kwa dhana tatu: ujumbe, pale kiini kinapohifadhi na kupeleka; makabidhiano, pale nyuzi zinapokutana; na kengele, pale panapoachwa alama tu. Kwa washauri wa sera, funzo ni la kiutaratibu. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika kifungu cha 137, unataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya. Kamati za istilahi zinazotekeleza azma hiyo zikiwekewa orodha ya maneno ya Kiingereza pekee, zitarudisha orodha ya vivuli vyake. Zikiketi pamoja na mtu anayejua kiini kinafanya nini uzi mmoja unapousubiri mwingine, mwanafunzi wa Kampala, Bujumbura au Goma ataweza kulielewa jambo kutokana na jina lake, na hatalazimika kwanza kulisahau jina ndipo alielewe jambo.