Zack Alikataa

Najua nitarushiwa mawe, lakini wacha niseme: Tommy Oliver hakustahili mapenzi yote tuliyompa. Naandika hivi nikiwa shabiki. Tukiwa watoto, kwenye ploti yetu, kipindi kikiisha tu tulitoka nje kurushiana mateke, na vita vya kwanza havikuwa vya Rita. Vilikuwa vya nani atakuwa Tommy. Mimi sikushindana. Nilikuwa msichana, kwa hivyo nilipewa Kimberly bila kuulizwa, na jirani yetu akapewa Trini kwa sababu ndiye aliyebaki. Mdogo wangu alikuwa Tommy kila siku. Alikuwa na kipaji cha kulia hadi apewe.

Zack hakuwa na mtu. Yeyote aliyechelewa kutoka ndani, huyo ndiye alikuwa Zack.

Kwa wale waliozaliwa juzi: Mighty Morphin Power Rangers ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 28 Agosti 1993. Haim Saban na wenzake walichukua mapigano na madubwana kutoka kipindi cha Kijapani cha 1992, Kyōryū Sentai Zyuranger, wakayashonea hadithi ya vijana watano wa shule ya sekondari mahali panapoitwa Angel Grove. Ndiyo maana suti ya Trini haina kisketi kama ya Kimberly. Wajapani walikuwa wamempa mwanamume rangi ya njano. Halafu akaja Tommy, mgeni shuleni, Rita Repulsa akamroga, na kwa sehemu tano mfululizo akawatwanga Rangers vibaya sana. Mwishowe Jason akaharibu upanga uliobeba ule uchawi, Tommy akazinduka kama mtu aliyetoka usingizini, Jason akamnyooshea mkono. Basi. Mambo yakaisha hapo, maisha yakaendelea kwa duka la juisi la Ernie.

Nikiwa na miaka minane sikuona shida yoyote. Si alikuwa amerogwa?

Shida niliiona nikiwa mtu mzima, na aliyenionyesha ni mwandishi Kyle Higgins. BOOM! Studios walianza kutoa komiki zao za Power Rangers mwaka 2016, Higgins akiandika na Hendry Prasetya wa Indonesia akichora. Komiki za Rangers hazikuwa kitu kipya. Hamilton walizitoa miaka ya tisini, na Marvel pia, lakini zile zilikuwa za kuuza pamoja na vikaragosi. Hizi za 2016 zinaanza pale pale kipindi kilipotuharakisha. Tommy ameshatolewa kwenye uchawi, ameshajiunga na wenzake, na hakuna anayejua akae naye vipi. Kila akifunga macho anamwona Rita, anamsikia akimsemesha, na hamwambii mtu. Wenzake wanamwangalia kwa jicho la pembeni. Yeye anajua wanamwangalia hivyo. Anajitahidi kupita kiasi, anaharibu, anaomba msamaha, anaharibu tena.

Nilisoma toleo la kwanza kwenye simu, ndani ya matatu, nikivuta kisanduku kimoja kimoja kwa vidole, na nikapitisha steji yangu. Kipindi cha televisheni kilikuwa na dakika ishirini na kitu, na nusu yake ni ya mateke. Hakikuwa na nafasi ya kuuliza mtu aliyekuumiza anarudije mezani. Komiki ina nafasi hiyo. Inaweza kukaa kurasa tatu kwa uso wa Tommy peke yake bila mtu kubadilisha stesheni.

Halafu Higgins anamleta Lord Drakkon.

Sisi tuna msemo ambao ungemfaa sana Tommy wa televisheni: shetani alinipitia. Umesikia ukisemwa kortini, kanisani, na wanaume waliokamatwa na meseji kwenye simu. Shetani anapita, mtu anafanya mambo, shetani anaenda zake, mtu anabaki msafi. Drakkon ni Tommy wa ulimwengu mwingine, na kisa chake hakina shetani wa kusingizia. Kule kwake uchawi uliisha vilevile na Jason akamnyooshea mkono vilevile. Tommy akaukataa, akarudi kwa Rita kwa hiari yake, akili zake zikiwa timamu. Tunapokutana naye ameshaiteka dunia nzima, amewanyang'anya Rangers nguvu zao na kuzigawa kwa askari wake, na suti yake ina kijani na nyeupe pamoja, kama mtu aliyevaa zawadi zote kwa wakati mmoja. Ni mbaya huyo. Ni mbaya kwa sababu anaongea kama Tommy, na mara nyingine ana hoja.

Katika kile kipindi cha Kijapani, huyu wa kijani anaitwa Burai, na ni kaka mkubwa wa yule mwekundu, Geki. Wanapatana, lakini siku za Burai zimehesabiwa kwa mshumaa wa kijani, na anakufa. Wamarekani waliuchukua mshumaa, wakautumia kumpokonya Tommy nguvu zake, ila undugu na kifo wakaviacha. Drakkon anaurudisha uzito ule kwa mlango wa nyuma.

Lakini nilisema naandika kuhusu Zack.

Katikati ya hadithi hizi Higgins anaingiza kisa kimoja ambacho wengi hukipita haraka wakimkimbilia Drakkon. Inajulikana kwamba Rita hakuanza na Tommy. Alianza na Zack. Alimteka, akamwonyesha ile sarafu ya Joka, akagusa pale panapouma: kwamba Jason ndiye kiongozi, na yeye Zack ni wa kuchekesha watu na kucheza densi. Akamwahidi makubwa. Na Zack, peke yake, bila mtu wa kumwona wala wa kumpigia makofi, akakataa.

Na ndipo Rita akaenda kumtafuta mwingine.

Sasa fikiria Zack amekaa pembeni siku ile Jason anamnyooshea Tommy mkono. Anajua alichokataa. Hajawaambia wenzake. Anaona vile wote wanamzunguka mgeni, wanamwuliza kama yuko sawa, na pengine anajilaumu pia, kwa sababu angesema mapema, huenda Tommy hangeguswa. Huo ni mzigo wa mtu aliyefanya vizuri. Sikuwa nimewahi kuuona ukiandikwa kwenye hadithi ya watu wa kuvaa suti za kubana.

Kwetu ilikuwa hivi. Mdogo wangu, yule Tommy wa ploti, alichukua pesa za chama alizokuwa amewekewa mama na wenzake, akaziweka kwa mechi. Zote. Akazima simu wiki mbili. Siku aliyorudi mama alilia, akamshika kichwa, na kuku akachinjwa. Shetani alimpitia, tulikubaliana hivyo. Mimi nililipa chama kidogo kidogo kwa miezi saba, na hakuna siku mtu alisema neno kuhusu hiyo miezi saba, na si kwamba nilitaka kuku. Au labda nilitaka. Kila mhubiri aliyewahi kusoma ile habari ya mwana mpotevu hunifikia kwenye yule kaka mkubwa aliyebaki shambani, halafu humkemea kwa wivu wake na kufunga kitabu.

Higgins hamkemei Zack. Wala hamfanyi malaika. Anamwacha awe na kinyongo kidogo na bado awe mzuri, na kwangu hilo lina thamani kuliko Drakkon na majeshi yake yote.

Inauma zaidi ukikumbuka mambo yalivyokuwa kwenye televisheni. Zack aliigizwa na Walter Jones, Mmarekani mweusi aliyepewa suti nyeusi. Trini aliigizwa na Thuy Trang, mzaliwa wa Vietnam, akapewa ya njano. Utani huo umeshafanywa mara elfu, sina la kuongeza. Mwaka 1994 hao wawili pamoja na Austin St. John, aliyekuwa Jason, waliondoka kwa sababu ya malipo. Kipindi kikawaficha nyuma ya kofia za suti, sehemu za zamani zilizochezwa tena na watu wengine waliogeuza migongo, kisha kikasema wameenda Uswisi kwa kongamano la amani. Ati kongamano! Tulimeza tu, tukampokea Rocky, Adam na Aisha. Thuy Trang alifariki mwaka 2001, kwa hivyo Trini wa televisheni hakupata njia ya kurudi akiwa na sura yake.

Mwaka 2019, Ryan Parrott akiwa ndiye mwandishi, komiki zilisema kwamba Uswisi ulikuwa uongo wa kuwatuliza wazazi na marafiki. Jason, Trini na Zack walikuwa wameitwa kwingine, wakawa Omega Rangers, na suti mpya na kazi kubwa mbali na dunia. Kuna watakaosema huko ni kuziba viraka. Sawa, ni kiraka. Lakini ni kiraka kilichoshonwa na mtu aliyeona mahali palipochanika, na Trini anapata pale nafasi ya kufikiri, kukosea na kuongoza kuliko alivyowahi kupata kwenye televisheni.

Parrott ndiye pia aliyeandika Go Go Power Rangers, iliyoanza 2017 na michoro ya Dan Mora kutoka Costa Rica, na hapa sitaki kusikia kelele, Mora ndiye bora wa wote. Hadithi inarudi kwenye siku za mwanzo kabisa, kabla ya Tommy, vijana watano wakiwa wamechoka, wana mitihani, wanadanganya nyumbani. Kimberly ana mpenzi anayeitwa Matt ambaye hajui lolote na anaanza kukasirika, na ana haki. Mora anachora mikono vizuri sana. Angalia vile mtu anavyoshika mkoba wake akidanganya.

Shattered Grid, ile hadithi kubwa ya 2018 ya kuadhimisha miaka 25, ndiyo kila mtu ataanza kukuambia usome. Drakkon anamwua Tommy, kweli kweli, kisha anaanza kuwawinda Rangers wa nyakati zote. Mwanzo wake unatisha. Kisha wanakuja Rangers wa msimu huu na wa ule, wote na rangi zao, na mimi niliyekulia kwa wale wa kwanza nikaanza kupotea. Inakulazimu uruke kutoka mfululizo mmoja hadi mwingine ili uelewe nani amekufa wapi, na kila kuruka ni pesa. Mwishoni ulimwengu unatengenezwa upya, na Tommy yuko hai. Nilijua angerudi. Hasira yangu ni kwamba baada ya matoleo yote yale kuhusu uamuzi usiofutika, kifo ndicho kilichofutika. Na Zack? Ni askari mmoja kati ya wengi. Kosa lile lile la ploti yetu.

Bado nazisoma. Jason David Frank, aliyekuwa Tommy, alifariki Novemba 2022, na usiku ule nilifungua tena matoleo ya mwanzo, yale ya Tommy kumsikia Rita. Sikuwa na hasira naye. Ni mtoto tu, amechoka, anaogopa kulala.

Kama unataka kuanza, anza na Go Go, halafu uingie kwa Higgins toleo la kwanza na uende pole pole hadi ukutane na Zack na ile sarafu. Shattered Grid soma ukiwa na likizo. Mdogo wangu nilimtumia zote mwezi jana. Amefika kwa Drakkon, anasema suti ni kali, anataka kujua nitamtumia lini zilizobaki. Nimemwambia arudi nyuma kidogo, kuna mahali aliruka.