Tarehe za Barua Zilizopotezwa Njiani

Hitilafu haikuwa ya saa wala ya mtambo; ilikuwa ya uamuzi. Waliozihamisha barua pepe za ofisi moja kutoka seva ya kale kwenda seva mpya walitoa amri ya APPEND, iwekayo barua kwenye seva, bila ya kuiambatisha tarehe, na kwa sababu hiyo barua za miaka mingi zimejipanga kikashani kana kwamba zote ziliwasili usiku mmoja, ilhali kila ifunguliwapo mojawapo, mstari wake wa Date huitaja siku yake ya asili.

Date huandikwa na programu ya mpelekaji kwa saa ya kompyuta yake, iwe sahihi au imekengeuka. INTERNALDATE hutunzwa na seva ya mpokeaji, nje ya barua, nayo ndiyo shahidi wa mapokezi. Katika RFC 3501, hati ya kanuni za barua pepe ya mwaka 2003, marehemu Mark Crispin alibainisha kwamba APPEND ikija na tarehe, seva yapasa kuihifadhi, na isipokuja nayo, seva huandika saa ya wakati ule ule. Basi njia ilikuwa wazi: kuisoma INTERNALDATE katika seva ya kale kwa amri ya FETCH, kisha kuikabidhi pamoja na barua. Kuiacha ni sawa na karani wa posta kuufuta mhuri wa mapokezi na kugonga wa leo. Madhara yake si ya macho tu, maana utafutaji wa SINCE hufuata tarehe ya seva, na SENTSINCE hufuata Date. Aulizaye leo barua zilizopokewa tangu mwezi uliopita atamwagiwa ghala zima.

Maandishi na viambatisho vilihama salama, na kwa hilo wanastahili shukrani. Wala tofauti ya majira ya +0000 na +0300 isichanganywe na kosa hili: huo ni wakati mmoja ulioandikwa kwa majira mawili.

Nimelaumu mara nyingi, na sitaacha kulaumu, dharau hii ya tarehe, ambayo ni ya zamani: RFC 822 ya mwaka 1982 iliridhia mwaka wa tarakimu mbili na kuzigeuza kinyume alama (+ na -) za herufi za majira ya kijeshi, hata RFC 1123 ikaja kusahihisha mwaka 1989. Lakini mwaka ule ule wa 1982 Jon Postel, katika RFC 821, alizilazimisha seva kutia mhuri wa wakati juu ya kila barua zipokeayo, na mihuri hiyo ya Received ingali imo ndani ya barua zilizohamishwa, wa juu kabisa ukiwa wa seva ya mwisho, hata tarehe ya mapokezi yaweza kusomwa humo. Hata hivyo, barua zilizotumwa na ofisi yenyewe aghalabu hazina mhuri huo katika nakala zake. Kwa hiyo seva ya kale isizimwe, na uhamisho urudiwe kwa tarehe zake kamili.