Nyumba Ndani ya Kibubu cha Chuma

Mjuzi wa vibubu vya chuma vya Kimarekani akiletewa kimoja chenye umbo la nyumba, haangalii rangi kwanza. Anapitisha ukucha kwenye mshono. Nusu mbili zikiwa zimeshikana barabara, kuna matumaini kwamba ni cha zamani. Zikiachana, na uso ukiwa na chengachenga, anaanza kushuku.

Siri iko kwenye mchanga. Viwanda kama J. & E. Stevens cha Cromwell, Connecticut, na A. C. Williams cha Ravenna, Ohio, vilisubu vibubu kwa violezo vya chuma. Kiolezo kilishindiliwa kwenye mchanga laini wenye unyevu, kikatolewa, kisha chuma kilichoyeyuka kikamiminwa palipobaki wazi. Chuma kikipoa husinyaa kwa takriban asilimia 1, hivyo kiolezo kilifanywa kikubwa kidogo. Mghushi hutumia kibubu chenyewe kuwa kiolezo, na nakala yake hutoka ndogo. Rula tu inamuumbua.

Mchanga pia uliamua nyumba ionekaneje. Kiolezo kilipaswa kuchomoka bila kubomoa kingo, basi milango, madirisha na vigae vikawa nakshi zilizoinuka kidogo tu ukutani. Ndani ya mipaka hiyo kulikuwa na ubunifu mkubwa. Mwaka 1869 John Hall wa Watertown, Massachusetts, alipata hataza ya kibubu cha Excelsior, kilichotengenezwa na Stevens: ukivuta kitasa cha mlangoni, kijumba cha juu ya paa kinafunguka na karani anajitokeza. Mwekee sarafu, na uzito wake unamrudisha ndani.

Baadaye yakaja maumbo ya majiko, redio, hata friji. Friji ya General Electric ya 1927, yenye mtambo wa mviringo juu kama kofia, nayo iligeuzwa kibubu na kampuni ya Hubley ya Pennsylvania. Hapo kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa maoni yangu: ukuta wa matofali huficha punje za mchanga, lakini ubavu mweupe wa friji hauna pa kuzificha.

Kinachonigusa zaidi ni skrubu. Vibubu vingi havikuwa na ufunguo, bali skrubu moja iliyokaza nusu mbili. Mtoto alitumbukiza senti mwenyewe, ila kuzitoa kulihitaji bisibisi, na bisibisi ilikaa kwa wakubwa. Ndiyo maana tundu la sarafu huwa na mikwaruzo ya kisu pembeni. Wanunuzi wengi hushusha bei wakiiona, mimi ningeongeza.