Kamba ya Pili

Kuna kamba ambayo, siku ikienda vizuri, haifanyi kazi yoyote. Inapanda na mkwezi, inasogezwa tawi kwa tawi, inamchelewesha, inanasa kwenye vijiti, na jioni inakunjwa bila kuwahi kubeba uzito wa mkwezi hata mara moja. Hiyo ndiyo ninayompimia fundi wa miti. Wepesi wa kupanda mtu huweza kuzaliwa nao. Watoto wa kijiji chochote chenye miembe watakuonyesha. Kuibeba kamba ya pili kila siku, hata baada ya miaka mingi isiyo na kisa, ni jambo la kufundishwa na kulindwa.

Ufundi huu umesimama juu ya kutoamini. Kabla hajatazama juu, mkwezi mzuri hutazama chini. Huzunguka shina akitafuta uyoga mgumu ulioota kwenye gome, kwa kuwa huo hutangaza kuoza kwa ndani hata majani yakiwa mabichi. Hugonga shina kwa nyundo ya mbao na kutega sikio mahali mlio unapogeuka kuwa wa mtungi mtupu. Hukagua udongo kama umepasuka upande mmoja, hutafuta matawi makavu yaliyonasa juu yakisubiri upepo, nyaya za umeme, nyuki. Kisha hurusha kamba nyembamba yenye kifuko cha risasi mpaka ipite kwenye panda aliyoichagua, na kwa hiyo nyembamba huivuta kamba yenyewe, yenye unene wa milimita 11 hadi 13, iliyosukwa kubeba zaidi ya tani mbili. Hapo wengine wangepanda. Yeye humwita mwenzake, wakaishika wote wawili, wakaning'inia na kurukaruka wakiwa bado karibu na ardhi. Panda iliyowahimili wawili itamhimili mmoja. Ikivunjika, ivunjike sasa.

Hata miti ina tabia zake za kukaririwa. Mkarafuu, kwa mfano, una matawi yanayokatika ghafla bila kupinda kwanza, na wachumaji wa Pemba wanalijua hilo kuliko kitabu chochote. Mti unaoonya na mti usioonya haipandwi kwa namna moja.

Kinachomshikilia mkwezi kwenye kamba ni fundo, na hapa napenda kukaa kidogo. Mwaka 1931 Karl Prusik, mpanda milima wa Austria, alieleza namna ya kuzungusha kitanzi chembamba juu ya kamba nene. Kitanzi kikiwa hakina uzito, mkono unakisukuma juu bila taabu. Kikivutwa, kinajibana na kubaki pale pale. Mapatano yote kati ya mtu na mti yamo humo: usogee unapotaka, usisogee usipotaka. Wakwezi wa miti wamezaa mafundo mengi ya ukoo huo, likiwemo lile lililoenea Marekani kuanzia 1994 kwa jina la Jason Blake, ambalo hushuka kwa ulaini zaidi. Adui yao wote ni joto. Anayeteremka kwa kasi ili apendeze machoni pa watazamaji anasugua nailoni juu ya nailoni, na nailoni huyeyuka. Fundo linang'aa kama kioo, linakakamaa, na kesho yake halibani sawasawa. Kwa hiyo fundi hushuka polepole, na kabla ya kupanda tena hupitisha kamba nzima kati ya vidole vyake, pima kwa pima, akitafuta ugumu, uzi uliokatika, alama ya mafuta. Mazoea haya hayana mashabiki. Hakuna anayepiga makofi kwa mtu anayepapasa kamba.

Mwaka 2019 Unding Jami, mkwezi wa Sabah, Malaysia, alipanda mti katika bonde la Danum, akateremsha utepe wa kupimia kutoka kileleni, ukasoma mita 100.8. Naistahi sana safari hiyo, lakini si kwa sababu ya kimo chake. Mita 6 zinatosha kuua. Fundo la mita 100 hukaguliwa kwa vidole vile vile vinavyokagua la mwembe wa uani.

Hatari kubwa zaidi huja pale mkono unaposhika msumeno. Mnyororo wa msumeno wa injini haubagui tawi na kamba. Kamba iliyovutwa kwa uzito wa mtu hukatika kwa kuguswa tu. Ndiyo maana kanuni za Marekani zinazojulikana kama Z133 zinamtaka anayetumia msumeno juu ya mti awe amejifunga kwa njia mbili, na wengi huongeza mkanda mfupi wenye waya wa chuma ndani yake, unaozunguka shina. Hata wakati wa kuhama kutoka tawi moja kwenda jingine, sharti halibadiliki: funga kwanza, ndipo ufungue. Walioanguka wakiwa wamechoka, jua likizama, kazi imebaki kidogo, wengi walikuwa katika nafasi hiyo fupi kati ya kufungua na kufunga.

Uingereza ilibishana sana juu ya jambo hili. Kanuni zao za 2005 kuhusu kazi za mahali pa juu zilishataka kamba mbili zilizofungwa mahali tofauti, isipokuwa pale itakapothibitika kwamba ya pili inaongeza hatari. Wakata miti wengi walijiona wamo katika ruhusa hiyo: taji la mti si ukuta wa ghorofa, walisema, kamba mbili zitasokotana kwenye matawi. Walikuwa na hoja. Hata hivyo, kuanzia 2019 na 2020 mkazo ulihamia kwenye kamba mbili kama desturi, na kamba moja ikawa ndiyo inayohitaji kutetewa. Mimi nauona uamuzi huo kuwa wa haki, kwa sharti moja: kamba mbili juu ya tawi moja dhaifu ni kamba moja iliyogharimu mara mbili.

Pwani yetu, mkwezi wa minazi hana tawi la kurushia kitu. Ana pete ya kamba miguuni, au vipandio vilivyochongwa kwenye shina, na mikono yake. Maarifa yake ni makubwa: anajua mnazi uliolowa hauchezewi, na kwamba kuti kavu halishikwi hata likionekana imara. Lakini maarifa hayamzuii mtu kuteleza. Ng'ambo ya bahari hii hii, Bodi ya Maendeleo ya Minazi ya India ilianza mwaka 2011 kuwafunza vijana, wanawake kwa wanaume, kupanda kwa kifaa cha chuma cha kukanyagia, pamoja na bima ya ajali. Sioni sababu ya mkwezi wa Mafia au Kilifi kupewa heshima pungufu ya hiyo.

Bado kuna anayebaki chini. Mtu akizimia huku ananing'inia kwenye mkanda, damu hutuama miguuni, na muda wake ni wa kuhesabu dakika. Msaidizi anayeweza tu kupiga simu na kupaza sauti hamfikii. Anatakiwa mtu aliyefunzwa kupanda, mwenye mkanda wake mwenyewe tayari, na kamba ya kumfuata mwenzake na kumteremsha. Sheria za usalama kazini tunazo, ya Tanzania ya 2003 na ya Kenya ya 2007, na zinamtwisha mwajiri wajibu. Ila kibarua aliyepatana bei na mwenye nyumba langoni, akiwa na panga na kamba ya katani iliyochakaa, mara nyingi hafikiwi na mkaguzi yeyote. Anayemfikia ni mwenye mti. Akija fundi mwenye bei ya juu kwa sababu ameleta mwenzake anayejua kupanda, na kamba mbili nzima, na anataka nusu saa ya kugongagonga shina kabla hajaanza, huyo ndiye wa kupewa kazi, na nusu saa hiyo ilipwe.