Barua za Nyuma ya Katuni

Kwa miaka mingi, mtu aliyenunua kitabu cha katuni Marekani alipata vitu viwili kwa bei moja. Cha kwanza kilikuwa hadithi yenyewe, kurasa ishirini na ushei za mashujaa na mahasimu wao. Cha pili kilikuja kuelekea mwisho: ukurasa mmoja au kurasa mbili za barua, wasomaji wakitoa maoni juu ya matoleo waliyoyasoma miezi michache nyuma, na mhariri akiwajibu mmoja mmoja. Waandishi wa barua hizo hawakulipwa hata senti, na wengi wao walikuwa bado wanafunzi wa shule. Hata hivyo, humo ndimo ulimojengeka ufundi wa kuipima katuni kwa kalamu, ufundi ambao sasa umebaki kwa wachache.

Barua iliyopata nafasi haikuwa shangwe tupu. Ilianza kwa kutaja namba ya toleo, maana mhariri mmoja alikuwa na vitabu vingi mikononi kwa wakati mmoja. Kisha ikaingia kwenye jambo mahususi: kisanduku fulani katika ukurasa fulani, ambamo shujaa aliyepoteza kofia yake mwanzoni mwa pambano anaonekana ameivaa tena, au mstari wa wino uliokuwa mzito kuliko wa mwezi uliopita, dalili kwamba aliyepaka wino juu ya penseli ya mchoraji si yule wa siku zote. Mwandishi hodari alijua kuzitenganisha kazi hizo. Hakumlaumu mchoraji kwa kosa la mtunzi, wala hakumsifu mtunzi kwa ukurasa usio na neno hata moja ambao uzito wake wote ulitoka kwenye mchoro. Aliposifu, alisema anasifu nini. Alipolalamika, alitoa ushahidi. Halafu akaishia hapo, kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu na mhariri alikuwa na mkasi. Barua ya kurasa nne ingeweza kutoka aya mbili tu, na si lazima ziwe zile ambazo mwenyewe angezichagua.

Palikuwa pia na kusubiri. Toleo la 17 la katuni ya Fantastic Four, lenye tarehe ya Agosti 1963, lilimfikia kijana wa Bayonne, New Jersey, aitwaye George R. R. Martin, ambaye miongo kadhaa baadaye angepata umaarufu kwa riwaya za majoka na wafalme wanaogombea kiti. Alilipenda, akaandika kusema hivyo. Barua yake ilitoka katika toleo la 20, la Novemba mwaka huohuo. Mtu anayejua kwamba maneno yake yatasomwa baada ya miezi mitatu, na watu ambao hapo katikati wamekwisha kusoma matoleo mengine mawili, hatumi hasira za jioni moja. Anakirudia kitabu, anahakiki, anafuta, anaandika upya. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kujaza kadi ya salamu kwa mwandiko wake bora kabisa, akaituma redioni, kisha akaketi wiki baada ya wiki karibu na spika kusikiliza kama jina lake litatajwa, hahitaji kuelezwa zaidi. Kusubiri huko kuliyafanya maneno yawe na thamani tangu yanapoandikwa.

Chanzo cha ukurasa wenyewe hakikuwa na heshima yoyote. Ili kitabu cha katuni kisafirishwe kwa ile bei nafuu ya majarida, kanuni za posta za Marekani zilitaka kiwe na kurasa za maandishi, si michoro mitupu. Kwa muda mrefu wachapishaji walitimiza sharti hilo kwa kubandika hadithi fupi ya kurasa mbili, ambayo watoto waliiruka kama wanavyoruka dibaji. Baadaye waligundua kwamba barua za wasomaji zingeweza kulitimiza vilevile, tena bila kumlipa mwandishi. Ufundi mzima, basi, ulianza kama njia ya kubana matumizi.

Lakini kanuni za posta pekee haziundi jamii ya wasomaji. Kilichoiunda kilikuwa anwani. Hugo Gernsback, aliyeanzisha jarida la hadithi za kisayansi Amazing Stories mwaka 1926, alichapa barua za wasomaji pamoja na anwani zao kamili, nao wakaanza kuandikiana wenyewe kwa wenyewe bila kupitia kwake. Miongoni mwa vijana waliolelewa na utamaduni huo alikuwamo Julius Schwartz, ambaye mwaka 1932, pamoja na rafiki yake Mort Weisinger na wenzao, alitoa kijarida cha mashabiki kilichoitwa The Time Traveller. Schwartz alipokuwa mhariri wa katuni katika kampuni ya DC hakusahau alikotoka. Mwaka 1961 alianza kuchapa anwani kamili za waandishi wa barua. Mwaka huohuo Jerry Bails, mhadhiri wa Detroit, na Roy Thomas, mwalimu wa Missouri, walianzisha kijarida cha Alter Ego, na watu wa kukisoma walipatikana kwa wingi kupitia anwani hizo. Miaka minne baadaye Thomas alikuwa ameajiriwa na kampuni ya Marvel, na mwaka 1972 akaishika nafasi ya mhariri mkuu baada ya Stan Lee. Kwa Martin, kuchapwa kwa jina na anwani kulimfungulia njia ya kuvifikia vijarida vya mashabiki, na hadithi zake za mwanzo zilitoka humo. Leo hakuna mhariri mwenye akili timamu atakayechapa anwani ya nyumbani ya kijana wa miaka 15, na ni haki asifanye hivyo. Ila ni vigumu kutaja njia nyingine iliyowatoa vijana wa miji midogo katika upweke wa kupenda kitu ambacho majirani wote walikiona cha kitoto.

Marvel ilichelewa kidogo, lakini ilipofika ilifika kwa vishindo. Ukurasa wa barua wa Fantastic Four ulianza na toleo la 3, mwaka 1962. Haukupita muda Stan Lee akawaambia wasomaji waache kuandika kwa "Mhariri" na badala yake wawaandikie yeye na mchoraji Jack Kirby kwa majina yao ya kwanza. Ujanja wa kibiashara ulikuwamo, hilo halina ubishi. Lee alikuwa muuzaji kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Hata hivyo uliibadilisha sauti ya barua. Mtoto aliyemwandikia mtu mwenye jina alithubutu kutania, kubisha, na kumwonyesha mtunzi kosa lake. Kwa walioonyesha makosa Lee alibuni tuzo isiyo tuzo, na kuanzia mwaka 1967 washindi walipokea bahasha iliyoandikwa kwamba ndani yake mna zawadi halisi ya Marvel. Ndani hamkuwa na kitu. Baadaye, chini ya baadhi ya wahariri, haikutosha kulitaja kosa: msomaji alitakiwa pia kulifafanua, kwa nini kinachoonekana kuwa kosa kinaweza kuwa na maelezo ndani ya hadithi yenyewe. Ni zoezi ambalo walimu wengi wa fasihi wangelionea wivu, na watoto walilifanya kwa hiari yao, kwa ajili ya bahasha tupu.

Kipeo cha ufundi huu kilionekana mwaka 1973, katika kisa cha Gwen Stacy. Toleo la 121 la The Amazing Spider-Man, la Juni, lilitungwa na Gerry Conway na kuchorwa na Gil Kane. Humo adui Green Goblin anamsukuma Gwen, mchumba wa shujaa, kutoka juu ya daraja. Spider-Man anarusha utando, unamnasa miguuni, anamvuta juu huku akijisifu kwa shabaha yake. Anapompakata anakuta amekufa. Adui anadai kwamba kuanguka kwenyewe kulikwisha kumuua, na msomaji mwenye haraka angeyakubali maneno hayo na kufungua ukurasa unaofuata.

Wenye jicho hawakuyakubali. Katika kisanduku ambamo utando unamnasa Gwen, kando ya shingo yake, kuna neno dogo la mlio, herufi nne tu, mlio wa kitu kinachovunjika. Halimo katika maelezo wala kinywani mwa mhusika yeyote. Limekaa pembeni ya mchoro. Kwa aliyeliona, hadithi nzima iligeuka. Muuaji hakuwa adui peke yake, bali pia mkono wa mwokozi uliomsimamisha ghafla mtu aliyekuwa akianguka kwa kasi. Waliokerwa waliandika kwa hasira kwamba msichana ameuawa bure. Waliotazama zaidi waliuliza swali lililowatia watunzi katika kona: ni nini hasa kilichomuua?

Jibu lilitoka katika ukurasa wa barua wa toleo la 125, Oktoba 1973. Roy Thomas, yule mwalimu wa Missouri aliyeanza kama shabiki, alikiri kwa masikitiko kwamba mshtuko wa kusimamishwa ghafla na utando ndio uliomuua, na kwamba kwa vyovyote vile Spider-Man hakuwa na namna ya kumwokoa. Jambo zito kuliko yote katika historia ya mhusika huyo halikusemwa waziwazi ndani ya hadithi. Lilisemwa nyuma, kwa herufi ndogo, kwa sababu wasomaji walidai. Miongo mitatu baadaye mwanafizikia James Kakalios alikitumia kisa hichohicho, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya fizikia ya mashujaa, kufundishia uhusiano wa kasi, muda na nguvu. Na lile daraja bado linabishaniwa: maneno ya toleo yanasema ni la George Washington, ilhali mchoro unafanana na la Brooklyn.

Si barua zote zilikuwa za kiwango hicho. Nyingi zilikuwa sifa zinazojirudia, na nyingine ziliomba tu shujaa fulani apigane na shujaa mwingine. Lakini walikuwapo mabingwa, kama Mkanada aliyejiita T. M. Maple, ambaye katika miaka ya 1980 alionekana katika kurasa za barua za vitabu vingi kiasi kwamba wasomaji walilitazamia jina lake kama walivyolitazamia la mtunzi.

Miaka hiyohiyo ndiyo iliyoleta dalili ya mwisho wa ufundi huo. Mwaka 1988 DC haikuwaomba wasomaji wa Batman maoni, iliwaomba kura. Jason Todd, Robin wa pili, msaidizi wa Batman, aliachwa katika mlipuko mwishoni mwa toleo la 427, na namba mbili za simu zikachapwa, moja ya kumwokoa na moja ya kumuua, senti 50 kwa kila simu, kwa muda wa saa 36. Waliotaka afe walikuwa 5,343 na waliotaka aishi 5,271. Tofauti ya simu 72 ikamuua. Mhariri Dennis O'Neil alikuja kusimulia kwamba alisikia kuna mtu aliyeiwekea kompyuta yake kazi ya kupiga simu mfululizo. Iwe kweli isiwe kweli, haibadilishi lililo kubwa. Katika simu zaidi ya 10,000 hakuna hata moja iliyotakiwa kueleza sababu. Mhusika huyo alikuwa amechukiwa na wasomaji wengi kwa hoja ambazo zingejaza kurasa za barua kwa mwaka mzima: namna alivyobadilishwa, ukali wake, kivuli cha Robin aliyemtangulia. Hoja zote hizo zikageuzwa kuwa hesabu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Barua pepe ilikuja, kisha intaneti, na maoni yakaanza kutolewa siku ileile toleo linapoingia dukani, mara nyingine na mtu aliyeona picha mbili tu. Mwishoni mwa mwaka 2002 DC iliziondoa kurasa zake za barua. Kampuni nyingine zikazipunguza au zikaziacha zife zenyewe. Wachache walibaki. Brian K. Vaughan na Fiona Staples walipoanzisha katuni ya Saga mwaka 2012, Vaughan alisisitiza kwamba atapokea barua za karatasi tu, zilizopitia posta. Zikaja. Inaelekea watu walikuwa hawajasahau kuandika, walikosa tu wa kumwandikia.

Zile za zamani, kwa upande wao, zinazidi kuwa ngumu kufikiwa. Hadithi maarufu zinapokusanywa na kuchapwa upya, kurasa za barua huachwa. Ni mikusanyo michache tu, minene na ya bei ghali, inayozirudisha. Anayenunua leo mkusanyo wa kawaida wenye kifo cha Gwen Stacy anapata toleo la 121 na la 122, lakini hapati ungamo la Thomas katika la 125. Na mwenye toleo la asili mara nyingi hawezi kulisoma. Tangu mwaka 2000 kuna kampuni zinazokagua vitabu vya zamani, zikavipa alama ya ubora na kuvifungia ndani ya plastiki ngumu, jalada likionekana mbele na nyuma. Kukifungua ni kuipoteza alama, na pamoja nayo sehemu kubwa ya bei. Barua zimo ndani, na mwenye mali amelipa asiziguse.