Kinyago na Mvaaji Wake

Wahenga walisema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Methali hii ni dawa njema ya hofu, lakini ni mizani mbovu ya kupimia sanaa. Msomaji, hebu tuijaribu.

Ukitoka Kibera au Kawangware ukaingia katikati ya Nairobi, utakuta katika Jumba la Nyaraka za Taifa hazina ya sanaa za Afrika iliyokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966. Katika majumba kama hilo, na katika maduka ya watalii, vinyago vya kuvaa usoni hutundikwa ukutani. Mtazamaji husifu paji laini na macho membamba, kisha huenda zake. Sifa zake si za uongo, lakini ni nusu ya hukumu.

Nusu ya pili haimo ukutani. Kwa Wadan wa Liberia na Cote d'Ivoire, kinyago kimoja huamua ugomvi, na kingine huonya watu juu ya moto wakati wa kiangazi. Kwa Wamende wa Sierra Leone, wanawake ndio wavaao kinyago cheusi katika unyago. Kwa Wamakonde, lipiko hucheza vijana watokapo jandoni, na jina la mvaaji ni siri. Wala mambo haya si ya mbali: Watiriki ni Waluhya, na Waluhya ni wengi huko Kawangware, nao katika ngoma za tohara huwafunika vijana nyuso.

Basi kitishacho ni nini? Si mti, maana mchongaji anaujua mti wake. Ni mapatano ya watu kwamba aliyevaa si fulani bin fulani tena, na kwamba neno lake ni neno la wote. Mapatano yakiondoka, hubaki mti uliochongwa vizuri.

Mwaka 1984 lipiko moja liliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 2010 lilirudishwa kutoka Makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva. Haki ilitendeka, lakini sanduku hurudisha umbo tu. Heshima hurudishwa na wale waijuao ngoma yake.

Kwa hiyo, usimamapo mbele ya kinyago, usiulize uzuri wake peke yake. Uliza pia: kilivaliwa na nani, mbele ya nani, kwa idhini ya nani? Asiyeuliza hayo ni kama aliyeisifu ngoma kwa kuitazama ngozi, asingoje ipigwe.