Menchik na Graf: Nani Mwenye Mchezo?

Mashindano ya ubingwa wa dunia wa wanawake katika sataranji (neno letu la kale, wala sioni sababu ya kulikimbia) yalifanyika Buenos Aires mwaka 1939. Wachezaji walikuwa 20, lakini mchezo unaostahili kusomwa tena ni ule wa Vera Menchik na Sonja Graf. Menchik alikuwa bingwa tangu 1927. Graf, Mjerumani aliyenyimwa kuiwakilisha nchi yake, alicheza kwa jina la “Libre”, yaani huru.

Wanaoandika habari zake hutuambia matokeo tu: Menchik pointi 18 kati ya 19, Graf 16. Hesabu ni sahihi, ila yauficha mchezo wenyewe. Graf ndiye aliyejenga hali ya ushindi, kisha akaibomoa kwa mkono wake mwenyewe. Kwa maoni yangu ushindi ni wa Menchik, na uzuri wa mchezo ni wa Graf. Sisemi kwamba Menchik alibahatisha. Kustahimili hali mbovu bila kufadhaika, hata mwenzio akosee, nao ni ustadi. Lakini sisi tunaosahihisha insha twaujua msiba huu: kurasa tatu safi, ya nne imeharibika. Je, tusome ya nne peke yake?

Vita vilikwisha kuanza Ulaya. Graf alibaki Argentina. Menchik aliuawa kwa bomu London mwaka 1944. Hatua za mchezo wao zimehifadhiwa. Mwenye ubao na azipange kete, akae upande wa Graf.